Kisanduku Kilichoachwa Cheupe: Sheria Inavyoadhibu Udanganyifu wa Mafao ya Kukosa Kazi

Hotuba kwa wajumbe wa wafanyakazi na jamaa zao, Lubumbashi

Wababa na wamama, ndugu wajumbe wa sendika, nanyi vijana mliosimama kule mlangoni kwa kuwa viti vimekwisha, jambo yenu wote.

Tumeombwa tuseme juu ya adhabu: mtu akipokea pesa ya shomaje, yaani mafao ya kukosa kazi, kwa uongo, sheria inamfanya nini? Mama mmoja ameuliza hapo nje mada hii inatuhusu nini, maana Kongo haina pesa ya shomaje. Mama amesema kweli. Sheria nambari 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016, inayopanga hifadhi ya jamii ya wafanyakazi wetu, ina matawi matatu: pensheni, posho za familia, na ajali na magonjwa ya kazini. Mfanyakazi anakatwa 5 kwa mia ya mshahara, patro, yaani mwajiri, anaongeza 13 kwa mia, na hizo 18 zote zinaishia kwenye matawi hayo. Hakuna faranga inayowekwa kando kwa ajili ya siku utakapofukuzwa. Ukifukuzwa na patro Lubumbashi, unashika siku zako za preavi, yaani za kuarifiwa mapema, angalau 14 za kazi pamoja na 7 kwa kila mwaka mzima uliotumika, na hesabu yako ya mwisho. Baada ya hapo ni wewe na ndugu zako. Wale zaidi ya 10,000 walioondoka Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, mwaka 2003 kwa ule mpango wa kuacha kazi kwa hiari walipokea mara moja, kisha mlango ukafungwa. Nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zinalijua jambo hilo kuliko sisi tunaosimama mbele yenu.

Lakini mada inatugusa kwa njia mbili. Kwanza, karibu kila kartie, yaani mtaa, hapa, Kenya, Katuba, Kamalondo, Ruashi, ina mtoto au ndugu aliye Ubelgiji, Ufaransa au Marekani, na kule kazi ikiisha anapokea mafao. Akikosea, simu inapigwa hapa, na pesa ya kulipia inatafutwa hapa. Pili, karatasi za uongo zinazotumika kule mara nyingine zinatengenezwa hapa: cheti cha kazi, cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa, barua ya kifo. Anayezitengeneza anadhani sheria ya kule haiwezi kumfikia. Sheria ya hapa inamfikia vizuri sana, na leo tutawaonyesha vifungu vyake.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalijui, na ambalo kwetu sisi ndilo kubwa. Sheria haiadhibu kukosea. Kosa la jinai linataka vitu vitatu vikutane: maneno ya uongo, au ukimya pale ulipotakiwa kusema, mtu awe anajua, na awe anataka apate au aendelee kupata kitu asichostahili. Kanuni ya jinai ya mambo ya kazi ya Ubelgiji, ya tarehe 6 Juni 2010, katika kifungu cha 233 inasema lazima iwe kwa kujua na kwa kutaka. Kifungu cha 441-6 cha kanuni ya jinai ya Ufaransa kinadai vilevile kwamba mtu awe alijua. Kanuni yetu ya mwaka 1940, kifungu cha 124 juu ya karatasi za uongo, inadai nia ya kudanganya au ya kudhuru. Nchi tatu, neno moja. Mtu aliyejaza fomu vibaya kwa sababu hakuielewa atarudisha pesa, na hiyo ni haki, kwa kuwa pesa haikuwa yake. Ila kurudisha pesa ni deni, na deni halikupeleki gereza la Kasapa.

Ndipo ugumu unapoanza. Nia haionekani kwa macho, inasomwa kwenye karatasi. Hakimu anatazama ulijaza mara ngapi, ulibadilisha nini, ulinyamaza muda gani baada ya kupata barua ya kwanza. Kosa lililofanywa mwezi mmoja linasomeka kama kosa. Kosa lilelile likirudiwa miezi 11, kila mwezi na sahihi yako chini, mwanasheria yeyote atahangaika kulitetea.

Tuitazame Ubelgiji kwa karibu, maana ndiko sheria ilikoandikwa kwa undani zaidi na ndiko wengi wa ndugu zetu walipo. Ofisi inayosimamia mafao kule inaitwa ONEM, jina lilelile la ofisi yetu ya ajira hapa, ila kazi ni tofauti: ya kwetu hailipi mafao. Kwa miaka mingi asiye na kazi amekuwa na kadi ya udhibiti ya kila mwezi, iitwayo C3, na sasa ipo pia ya kompyuta. Kadi hiyo ina visanduku vidogo, kimoja kwa kila siku ya mwezi. Ukiumwa unaandika M. Ukiwa likizo unaandika V. Ukifanya kazi unakijaza kisanduku chote cheusi, kwa wino usiofutika, na unakijaza kabla ya kuanza kazi. Si jioni, si Jumapili baada ya misa. Kabla. Kadi yenyewe uwe nayo mwilini siku hiyo, ili mkaguzi akiiomba uitoe.

Hapo ndipo watu wanaanguka. Chukueni fundi wa uashi, tusimpe jina. Anaitwa Alhamisi na Ijumaa kumalizia ukuta, euro 80 kwa siku. Fao lake, tuseme kwa mfano, ni euro 45 kwa siku. Akijaza visanduku viwili vyeusi, anapoteza fao la siku mbili, euro 90, anabaki na euro 160 za ukuta. Akiviacha vyeupe, anapata zote, euro 250. Ijumaa saa mbili asubuhi mkaguzi anafika kwenye ujenzi, anaomba kadi, anaona visanduku vya Alhamisi na Ijumaa ni vyeupe. Fundi anasema nilitaka kujaza jioni. Maneno hayo hayamsaidii, kwa kuwa kanuni inasema kabla.

Sasa tuhesabu. Kwanza anarudisha euro 90. Pili, amri ya kifalme ya tarehe 25 Novemba 1991, kifungu cha 154, inaruhusu ofisi imnyime mafao kuanzia wiki 4 hadi wiki 26. Fao linahesabiwa kwa siku 6 za wiki, kwa hiyo wiki moja ni euro 270. Wiki 4 ni euro 1,080, wiki 26 ni euro 7,020. Tatu, ikiwa jambo litahukumiwa kama uongo wa makusudi, kuna faini. Kanuni ya 2010 ina ngazi nne za adhabu, na uongo ili kupata mafao uko ngazi ya nne, ya juu kabisa, ambayo ndiyo peke yake yenye kifungo: miezi 6 hadi miaka 3, au faini, ambayo kabla ya marekebisho ya mwaka 2024 ilikuwa euro 600 hadi 6,000, au vyote viwili. Mwendesha mashtaka wa mambo ya kazi akiamua kutompeleka mahakamani, wizara ya kazi inaweza kumtoza faini ya kiutawala, ambayo kabla ya marekebisho hayo ilikuwa euro 300 hadi 3,000.

Msikubali tarakimu hizo ziwadanganye. Kule faini iliyoandikwa kwenye kitabu huzidishwa kabla ya kulipwa, na kuanzia Januari 2017 kizidisho kilikuwa 8. Kwa hiyo 300 ilisomwa 2,400, na 6,000 ilisomwa 48,000. Afisa au hakimu anaweza kupunguza akiona sababu nzuri, na marekebisho ya mwaka 2024 yamegusa viwango hivi, kwa hiyo aliye na kesi amwombe avoka wake, yaani mwanasheria, kitabu cha sasa. Lakini uzito wa jambo mmeuona: euro 90 za siku mbili zinaweza kuzaa deni la maelfu. Patro aliyemwajiri bila kumwandikisha naye yuko ngazi ya nne, na faini yake inazidishwa kwa idadi ya wafanyakazi aliowaficha. Hilo tunalisema kwa furaha. Sheria inayombana fundi na kumwacha patro haistahili kuitwa sheria.

Kuna kifungu kingine ambacho watu hawakijui, na kimeokoa wengi: cha 169 cha amri hiyohiyo. Mtu aliyepokea isivyo halali huku akiwa na nia safi, madai ya kurudisha yanaweza kuwekewa mpaka wa siku 150 za mwisho. Naye anayeweza kuthibitisha kwamba alifanya kazi siku fulani tu, anarudisha za siku hizo tu. Lakini kuthibitisha ni juu yake. Bila ushahidi, ofisi inaweza kudai kipindi chote. Ndiyo maana tunasisitiza kila siku: weka daftari. Tarehe, mahali, saa ya kuingia, saa ya kutoka, pesa uliyopokea. Daftari la faranga chache linaweza kukuokolea deni la mwaka mzima. Jueni pia muda wa kudai: ofisi ya kule ina miaka 3 ya kudai pesa yake, na ikiwa kulikuwa na udanganyifu inakuwa miaka 5.

Mwenye karatasi ya uongo, yaani cheti kilichoghushiwa ili apate mafao, anatoka kwenye wiki 4 na kuingia kifungu cha 155: wiki 27 hadi 52 bila fao. Mnaona ngazi? Kusahau kusema, kusema uongo, kutengeneza karatasi. Kila hatua bei inapanda.

Ufaransa tutapita haraka zaidi. Kutoa taarifa ya uongo au yenye mapengo kwa kujua, ili upate mafao, ni miaka 2 na faini ya euro 30,000. Neno mapengo mlishike, kwa kuwa kuficha nusu kunahesabiwa sawa na kusema uongo. Mtu akitumia hila, kwa mfano kampuni hewa, hati za mshahara zilizochapishwa nyumbani, au jina la mwingine, anaingia kwenye utapeli dhidi ya shirika la umma, kifungu cha 313-2: miaka 7 na euro 750,000. Wakiwa kundi lililojipanga ni miaka 10 na euro 1,000,000. Hizo ni viwango vya juu, hakimu hufika huko mara chache, lakini mlango uko wazi.

Na hapa kuna mtego unaotuhusu sisi wa Lubumbashi moja kwa moja: safari. Mzee anafariki, mtoto anapanda ndege kutoka Paris kuja kwenye matanga. Alipanga wiki mbili. Mambo ya urithi yanachelewa, anakaa miezi mitatu. Kule kila mwezi anaingia kwenye intaneti kwa simu na kubonyeza kwamba bado anatafuta kazi na yupo. Sheria ya Ufaransa inampa siku 35 za kutokuwepo kwa mwaka, na lazima azitangaze. Siku ya 36 halipwi. Kilio ni kilio, hakuna anayemlaumu kwa kuja kuzika. Kosa liko kwenye kule kubonyeza. Ubelgiji nako ana wiki 4 kwa mwaka, akiandika V kwenye kadi. Kwa hiyo, wamama, mkimwita mtoto aje, mwambieni atangaze safari kabla ya kupanda ndege, na akiona anachelewa asimamishe mafao mwenyewe.

Marekani mpango ni wa majimbo, kila jimbo lina kanuni zake za jinai, ila kuna mambo yanayofanana. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 2011 inalazimisha kila jimbo limtoze mdanganyifu angalau 15 kwa mia juu ya pesa anayorudisha. Majimbo mengine yanatoza zaidi. California ni 30 kwa mia. Anayetumia intaneti kudanganya anaweza kushtakiwa kwa sheria ya serikali kuu, hadi miaka 20. Anayetumia jina na namba ya mtu mwingine anaongezwa miaka 2 ambayo haipunguzwi na inaanza pale kifungo kingine kinapoisha. Kosa la kawaida kule halina uovu wowote: mtu anaandika mshahara wiki aliyolipwa, badala ya wiki aliyofanya kazi, tena anaandika uliobaki mfukoni badala ya ule wa kabla ya makato. Fomu inataka wiki ya kazi na mshahara kabla ya makato. Ukikosea hivyo wiki moja, ni marekebisho. Ukikosea wiki 20, kompyuta inalinganisha na ripoti ya patro na barua inakuja.

Kule ndiko pia tulikoona mfumo ukivunjika. Mwaka 2020, wakati wa Covid, Marekani ilifungua mpango maalum kwa watu wasio na patro, na ili pesa ifike haraka, mwombaji alijithibitishia mwenyewe. Hakukuwa na patro wa kuulizwa. Hati za kuthibitisha kazi zililazimishwa kwa sheria ya mwisho wa Desemba 2020. Ofisi ya ukaguzi ya bunge lao ilikadiria mwaka 2023 kwamba udanganyifu katika mafao ya kukosa kazi wakati ule ulifika kati ya dola bilioni 100 na bilioni 135. Wengi waliochukua hawakuwa watu wasio na kazi. Walikuwa wezi wa majina. Waliolia ni wale waliofungiwa akaunti huku wakiwa na haki, kwa sababu mtu mwingine alikwisha kuomba kwa jina lao.

Tunalisema hili kwa sababu siku itakuja ambapo Kongo itazungumza juu ya tawi la nne. Jirani zetu wa Tanzania wanalo fao la kukosa ajira: 33.3 kwa mia ya mshahara kwa miezi isiyozidi 6, kwa mtu aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake. Siku hiyo ikifika hapa, wajumbe wa sendika msiulize kwanza adhabu ni miaka mingapi. Ulizeni nani anathibitisha kwamba mtu alifanya kazi, na nani anathibitisha kwamba ameipoteza. Kifungo kirefu bila daftari la wafanyakazi hakizuii kitu.

Sasa turudi nyumbani, kwa anayetengeneza karatasi hapa Lubumbashi. Mpwa anapiga simu kutoka Brussels: mjomba, nitengenezee cheti kwamba nilifanya kazi kwenu miaka 3. Mjomba ana kampuni ndogo na muhuri. Anaandika, anapiga muhuri, anatuma picha. Kifungu cha 124 cha kanuni yetu ya jinai: karatasi ya uongo, miezi 6 hadi miaka 5, na faini au kimojawapo. Mpwa anayeitumia, kifungu cha 126, adhabu ileile. Ikiwa kwa karatasi hiyo mtu amepewa pesa, kuna kifungu cha 98, utapeli, miezi 3 hadi miaka 5. Faini zimeandikwa kwa fedha ya zamani, msiziangalie sana, angalieni miaka. Mshiriki aliyesaidia bila kuwa mhusika mkuu anapata nusu ya adhabu, lakini mjomba huyu si msaidizi. Mkono ulioandika ni wake, kwa hiyo yeye ni mhusika kamili.

Makosa hayo yote mwisho wake ni miaka 5, hivyo yanahukumiwa Tripaix, yaani mahakama ya amani. Lakini mwenye kuandika akiwa afisa wa serikali, tuseme karani wa komini, yaani manispaa, anayeandika cheti cha kuzaliwa cha mtoto ambaye hayupo ili baba apate posho ya familia, anaingia kifungu cha 125, hadi miaka 10, na faili linapanda TGI, mahakama iliyo juu ya Tripaix. Na mtumishi wa ofisi ya umma anayegeuza pesa ya wastaafu kuwa yake, kifungu cha 145 kinazungumzia kazi ngumu ya mwaka 1 hadi 20. Kifungu hicho kinataja pia watumishi wa mashirika ya umma, kwa hiyo kusema mimi si fonksionere, yaani mtumishi wa serikali, hakumtoi.

Mambo tunayoyaona sana ni mawili. La kwanza ni cheti cha uhai cha mstaafu aliyekwisha kufa: familia inanyamaza, pensheni inaendelea kuingia, mjukuu anaichukua. Mara nyingi ni njaa, na inatuuma kulisema. Lakini wajane wana pensheni yao halali ya warithi, ambayo wengi hawaiombi kwa sababu kuiomba ni kutangaza kifo. Wanaacha haki, wanashika kosa. La pili ni patro anayewakata wafanyakazi 5 kwa mia kila mwezi na haipeleki. Mfanyakazi anafika miaka 60, anahitaji miezi 180 ya michango, anakuta imeandikwa 40. Nanyi mnajua ni nani kati ya hao wawili anayefikishwa parke, yaani kwa mwendesha mashtaka, mara nyingi. Pelekeni mafaili ya wote, sio ya mjukuu peke yake.

Muda nao una uzito wake. Kwa kifungu cha 24 cha kanuni yetu, kosa ambalo adhabu yake haizidi miaka 5 linakufa baada ya miaka 3 kamili. Likizidi miaka 5, baada ya miaka 10. Ila kila mara karatasi ya uongo inapotumika tena ni kosa jipya, na hesabu inaanza upya. Aliyetumia cheti cha 2019 mara ya mwisho mwezi uliopita asijidanganye kwamba amepona.

Mtu akigundua kwamba amepokea asichostahili, afanye hivi, na afanye kabla barua ya ofisi haijafika. Asimamishe kwanza: asijaze fomu nyingine ya uongo ili kufunika ile ya kwanza, kwa sababu hiyo ya pili ndiyo itakayothibitisha nia. Akusanye daftari, hati za mshahara, tiketi za safari, ujumbe wa patro. Aandike barua fupi: jina, namba ya faili, tarehe hasa za kosa, kiasi anachodhani, na ombi la kulipa kidogo kidogo. Asiandike hadithi ndefu wala asimtaje ndugu kama sababu. Kwa Ubelgiji, ajue kwamba ofisi itamwita kabla ya kuamua. Asikose siku hiyo, na anaweza kwenda na avoka au mjumbe wa sendika. Barua iandikwe nakala mbili, moja ipokelewe na muhuri wenye tarehe, au itumwe kwa posta ya rejista na karatasi ya risiti ifungwe pamoja na nakala. Kila malipo yaende kwa benki na namba ya faili iandikwe kwenye bordero, yaani karatasi ya benki ya malipo, kamwe asimpe pesa mkononi mtu anayesema anamjua mtu ndani ya ofisi. Bordero hizo azitunze miaka 10, kwenye bahasha isiyoingia maji.

Walio na barua mikononi, tumeona wako kadhaa, wabaki hapa mbele. Tutazisoma moja moja.